Bei kwa Penseli

Elfu sita na mia tano, kwa penseli,
pembeni mwa jalada la ndani, tarakimu ndogo
kama zinazoona haya.
Nikauliza, "Hiyo sifuri ya mwisho ni ya kweli?"
Githaka hakucheka. Alikuwa akipangusa vumbi
kwa soksi ya mtoto, moja, isiyo na mwenzake.
"Mama," akasema, "vitunguu viko huko chini."

Duka lake liko ghorofani, Barabara ya Latema,
juu ya muuza simu na fundi wa viatu;
ngazi inanuka gundi.
Mimi hukaa kaunta ya tatu, supamaketi ya mjini.
Bei zote za Nairobi hupita chini ya mkono wangu:
unga, pampasi, dawa ya mende, mishumaa ya keki.
Mashine hulia ti, mimi husema asante.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kitu kinastahili.

Basi nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu.
Kurasa mia na thelathini:
shilingi hamsini kila ukurasa,
chai ya rangi na maandazi mawili,
na kurasa nyingine zina picha ya jani tu,
jani moja, halina hata mchuzi.

Nilikwenda Jumamosi tatu.
Ya kwanza nilikishika.
Ya pili nilisoma nimesimama hadi Githaka akakohoa.
Ya tatu nililipa kwa simu,
namba ya siri nikaikosea mara mbili;
kidole kilikuwa na akili kunishinda.
"Nifute bei?" akauliza. "Wengine hawapendi ionekane."
Nikamwambia aiache.

Kazini, Kemunto: "Kitabu? Pesa ngapi?"
Nikasema elfu moja na mia mbili.
Hata hiyo ilimfanya ashike kichwa.
"Na hilo wigi lako la elfu saba?"
"Wigi huonekana," akasema.
Ni kweli. Sikuwa na jibu.

Ni kitabu cha mimea ya milima ya Taita.
Kiliandikwa na mgeni, zamani, kwa lugha yake,
na majina yetu kwa herufi za mlazo,
yameinama kama watu waliobeba kuni.
Ukurasa wa tisini na nne, chini kabisa,
kwa maandishi ya chungu wadogo:
mwanamke mmoja wa Wundanyi, mfupi, mcheshi,
alitueleza kwamba mzizi huu huchemshwa mara mbili;
maji ya kwanza humwagwa.

Ndicho nilichonunua. Mistari mitatu.
Hizo nyingine zote ni kanga ya kufungia.

Maji ya kwanza humwagwa:
bibi yangu Wakesho alisema hivyo kuhusu mizizi,
kuhusu majani ya chai,
kuhusu wachumba.
Huenda si yeye. Wundanyi ilikuwa na wanawake wafupi wengi,
na nani asiyekuwa mcheshi
mbele ya mgeni aliyekuja na sukari?
Jina hakuliandika. La mzizi aliliandika.

Bibi alinipa yote bure, jikoni, akichambua maharagwe,
na cha bure nilikipokea kwa mkono mmoja,
wa pili ukitafuta stesheni kwenye redio.
Lau angenitoza hata shilingi kumi kwa neno,
leo ningekuwa nayajua yote kwa moyo,
ningebishana naye bei,
ningemwambia, Bibi, punguza, rudia.

Usiku, Umoja, stima imekatika jengo zima.
Kodi ni tarehe tano na sijui itatoka wapi.
Natamka jina la mzizi kwa sauti, mbele ya mshumaa,
na sikio linakataa.
Mgeni aliruka herufi moja.
Hakuisikia, au alikuwa akitafuna.

Nikaichomeka mahali pake,
kwa penseli, ndogo, pembeni.
Githaka angesema nimekishusha bei.